Wasioux na walowezi wa Marekani: Chanzo cha vita vya karne ya 19

Katika hazina ya serikali ya Marekani zimo fedha ambazo wenyewe wamekataa kuzichukua. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba taifa la Wasioux lilipwe zaidi ya dola milioni 100, zikiwa ni fidia ya milima ya Black Hills iliyotwaliwa na serikali mwaka 1877. Fedha hizo ziliwekwa, zikazaa riba, na zimekwisha kupita dola bilioni moja. Wasioux, ambao baadhi ya maeneo yao ni miongoni mwa maeneo maskini kabisa nchini Marekani, wanasema hawakuiuza milima hiyo na kwa hiyo hawawezi kupokea bei yake.

Msimamo huo hauwezi kueleweka pasipo kurejea karne ya 19, wakati walowezi wa Kimarekani walipokuwa wakisonga mbele kuelekea magharibi. Filamu nyingi za zamani zilivieleza vita vya wakati huo kana kwamba vilikuwa ni kazi ya wapanda farasi wakali waliovamia misafara bila sababu. Kumbukumbu za maandishi zinaonyesha jambo jingine. Karibu vita vyote vikubwa baina ya pande hizo mbili vilitanguliwa na mkataba, na karibu kila mkataba ulivunjwa pale ardhi iliyoahidiwa ilipopata thamani mpya machoni pa walioiahidi.

Wasioux ni nani?

Jina Sioux si lao. Lilienezwa na Wafaransa, waliofupisha neno lililotumiwa na majirani zao, Waojibwe. Wenyewe hujiita Oceti Sakowin, yaani Mioto Saba ya Baraza. Wamegawanyika katika makundi makubwa matatu: Wadakota wa mashariki, waliokaa kwenye misitu na kando ya mito ya Minnesota, Wayankton na Wayanktonai wa katikati, na Walakota wa magharibi, ambao nao wana matawi saba, yakiwemo Oglala, Hunkpapa, Sicangu na Miniconjou.

Katika karne ya 18 Walakota walipata farasi, wakahamia kwenye nyika kubwa za magharibi ya mto Missouri. Huko maisha yao yote yaliegemea nyati wa Marekani, ajulikanaye pia kwa jina la baisani. Nyama yake ilikuwa chakula, ngozi yake ilikuwa hema na vazi, na mifupa yake ilikuwa zana. Katika kuenea huko waliwasukuma kando watu wengine, kama vile Wacrow, Wapawnee na Waarikara. Uadui huo haukusahauliwa, na miaka mingi baadaye jeshi la Marekani lilipata miongoni mwa makabila hayo wapelelezi wa kuliongoza dhidi ya Wasioux.

Jambo moja la utawala wao linafaa kuzingatiwa. Wasioux hawakuwa na mfalme. Chifu alisikilizwa kwa sababu ya hekima, ushujaa na ukarimu wake, na hakuwa na uwezo wa kumlazimisha mtu wa tawi jingine kutii neno lake. Serikali ya Marekani, kwa upande wake, ilimtaka mtu mmoja wa kutia saini kwa niaba ya wote. Tofauti hiyo ilikuwa mbegu ya ugomvi.

Misafara ya kwenda magharibi

Mwaka 1803 Marekani ilinunua kutoka Ufaransa eneo kubwa la Louisiana kwa dola milioni 15. Sehemu kubwa ya nchi ya Wasioux ilikuwa ndani ya eneo hilo, ingawa wenyeji hawakuulizwa. Kwa miaka 40 iliyofuata ununuzi huo haukuwagusa sana. Wazungu waliofika walikuwa wachache, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wa manyoya ya wanyama.

Hali ilibadilika katika miaka ya 1840. Misafara ya mikokoteni iliyokokotwa na maksai ilianza kupita katika bonde la mto Platte kuelekea Oregon. Dhahabu ilipogunduliwa California mwaka 1848, wapita njia wakawa makumi ya maelfu. Ng'ombe na farasi wao walimaliza majani, kuni zikatoweka kando ya mito, na nyati wakaihama njia hiyo. Mwaka 1849 misafara ilileta kipindupindu, kikaua watu wengi katika kambi za wenyeji.

Walowezi hao walikuwa wakipita tu, na mapambano ya silaha yalikuwa machache kuliko yanavyosimuliwa. Hata hivyo, Wasioux walianza kudai malipo kwa ajili ya majani na wanyama walioharibiwa, nayo serikali ikaona haja ya makubaliano.

Mkataba wa mwaka 1851

Septemba mwaka 1851 watu wapatao 10,000 wa makabila ya nyika walikutana na wajumbe wa serikali karibu na ngome ya Fort Laramie, katika jimbo la sasa la Wyoming. Mkataba uliotiwa saini hapo ulitaja mipaka ya ardhi ya kila kabila. Wenyeji walikubali barabara na ngome zijengwe, na serikali iliahidi kuwalinda dhidi ya uharibifu wa raia wake na kuwapa bidhaa za dola 50,000 kila mwaka kwa miaka 50.

Makubaliano hayo yalikuwa na kasoro mbili tangu mwanzo. Kwanza, baada ya wenyeji kurudi makwao, Baraza la Seneti mjini Washington lilipunguza miaka 50 ya malipo ikawa 10, ikiwa na uwezekano wa kuongezwa mitano. Pili, wajumbe wa serikali walimteua mtu mmoja wa tawi la Sicangu, Conquering Bear, kuwa mkuu wa Wasioux wote, cheo ambacho hakikuwahi kuwapo miongoni mwao.

Ng'ombe mmoja na vita vya kwanza

Miaka mitatu baadaye kasoro hiyo ya pili ilijitokeza wazi. Agosti mwaka 1854 ng'ombe wa mhamiaji mmoja aliingia katika kambi ya Walakota karibu na Fort Laramie, akachinjwa na mtu wa tawi la Miniconjou aliyekuwa mgeni hapo. Conquering Bear alijitolea kulipa fidia. Luteni John Grattan hakutaka fidia, alimtaka mhalifu. Aliingia kambini akiwa na askari 29 na mizinga miwili, pamoja na mkalimani aliyekuwa amelewa. Conquering Bear hakuwa na mamlaka ya kumkamata mgeni wa tawi jingine na kumkabidhi. Askari walifyatua risasi, chifu akajeruhiwa vibaya na baadaye akafa. Walakota walimuua Grattan na kikosi chake.

Mwaka uliofuata Jenerali William Harney alitumwa kulipiza kisasi. Mnamo Septemba 1855 aliishambulia kambi ya Sicangu katika bonde la Blue Water, Nebraska. Watu wapatao 86 waliuawa, wakiwemo wanawake na watoto, na wengine wapatao 70 wakachukuliwa mateka. Kwa thamani ya ng'ombe mmoja, imani ya miaka mitatu ilikuwa imekwisha.

Minnesota: Madeni na njaa

Kwa Wadakota wa mashariki tatizo halikuwa misafara bali mashamba. Mwaka 1851 walitia saini mikataba miwili, ya Traverse des Sioux na Mendota, wakaachia ardhi ya ekari karibu milioni 24. Walibakishiwa ukanda mwembamba kando ya mto Minnesota, na mwaka 1858 nusu ya ukanda huo nayo ikachukuliwa.

Malipo ya ardhi hiyo hayakuwafikia yote. Huko Traverse des Sioux machifu waliwekewa mbele karatasi nyingine, nao wakaitia saini bila kuelezwa vizuri maana yake. Karatasi hiyo iliruhusu sehemu ya fedha zao ilipwe moja kwa moja kwa wafanyabiashara waliodai madeni. Kwa kuwa vitabu vya hesabu vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara hao hao, mdaiwa hakuwa na njia ya kubisha.

Mavuno ya mwaka 1861 yalikuwa mabaya, na majira ya joto ya mwaka 1862 fedha za mwaka huo zilichelewa kwa sababu Marekani ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Maghala ya wakala wa serikali yalikuwa na chakula, lakini hayakufunguliwa kikamilifu kwa kuwa fedha hazijafika. Wafanyabiashara walikataa kukopesha. Tarehe 17 Agosti vijana wanne wa Kidakota waliwaua walowezi watano. Usiku huo viongozi walimwendea chifu Taoyateduta, ajulikanaye pia kwa jina la Little Crow. Yeye aliwaonya kwamba Wazungu ni wengi mno, lakini mwishowe alikubali kuwaongoza. Shehena ya fedha ilifika Fort Ridgely tarehe 18 Agosti, siku ile ile vita vilipoanza.

Mamia ya walowezi waliuawa katika wiki chache, wengi wao wakiwa wahamiaji kutoka Ujerumani na nchi za Skandinavia ambao hawakuwa na habari ya mikataba wala madeni. Baada ya Wadakota kushindwa, mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo wanaume 303, baadhi yao baada ya kesi za dakika chache. Rais Abraham Lincoln alipitia kumbukumbu za kesi hizo na kuwapunguzia adhabu wengi. Hata hivyo, tarehe 26 Desemba 1862 watu 38 walinyongwa kwa pamoja katika mji wa Mankato. Hakuna siku nyingine katika historia ya Marekani ambapo watu wengi kiasi hicho walinyongwa kwa pamoja kwa amri ya serikali. Mwaka uliofuata Bunge lilifuta mikataba yote ya Wadakota na kuwafukuza Minnesota.

Sheria, reli na mwisho wa nyati

Mwaka huo huo wa 1862 Bunge la Marekani lilipitisha sheria mbili zilizoharakisha safari ya magharibi. Ya kwanza ilimpa mlowezi ekari 160 za ardhi ya umma endapo angeishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Ya pili iliidhinisha reli ya kuunganisha mashariki na pwani ya Pasifiki, reli iliyokamilika mwaka 1869. Idadi ya watu wa Marekani, iliyokuwa milioni 5 hivi mwaka 1800, ilikaribia milioni 63 mwaka 1890.

Ni haki kueleza pia jinsi walowezi walivyolitazama suala hili. Wengi wao walikuwa watu maskini waliokimbia ukosefu wa ardhi Ulaya au katika majimbo ya mashariki. Walifundishwa na magazeti, wanasiasa na wahubiri kwamba kuenea kwa taifa lao hadi Pasifiki ni majaaliwa ya Mungu, na kwamba ardhi isiyolimwa ni ardhi isiyo na mwenyewe. Kwa Walakota ardhi hiyo hiyo ilikuwa malisho ya nyati, makaburi ya wazee na mahali pa ibada. Walichokigombania hakikuwa mpaka peke yake. Kila upande ulikuwa na maana yake ya kumiliki ardhi.

Reli ilileta pia wawindaji wa biashara. Kuanzia mapema miaka ya 1870 viwanda vilipata mbinu ya kuitengeneza ngozi ya nyati iwe mikanda ya mitambo, na bei ya ngozi ikapanda. Wawindaji waliwaua wanyama kwa maelfu, wakachuna ngozi na kuacha nyama ioze. Wapo maofisa wa jeshi waliofurahia jambo hilo, wakijua kwamba mtu asiye na nyati atalazimika kuja kuomba chakula. Nyati waliokadiriwa kuwa makumi ya mamilioni walibaki takriban elfu moja tu mwishoni mwa miaka ya 1880.

Ushindi wa Red Cloud

Mwaka 1863 njia mpya, iliyoitwa Bozeman, ilianza kutumiwa na wachimbaji waliokwenda kwenye dhahabu ya Montana. Njia hiyo ilikata katikati ya bonde la mto Powder, eneo bora la uwindaji lililobaki kwa Walakota na rafiki zao Wacheyenne na Waarapaho. Mwaka 1866, wakati serikali ikiwa bado inazungumza nao kuhusu ruhusa ya kupita, jeshi lilikuja kujenga ngome. Chifu Red Cloud wa tawi la Oglala alitoka katika mazungumzo na kuanzisha vita. Tarehe 21 Desemba mwaka huo wapiganaji wake waliwavuta watu 81 wa Kapteni William Fetterman kwenye mtego, wakawaua wote.

Baada ya miaka miwili ya mapigano serikali ilikubali kurudi nyuma. Mkataba wa pili wa Fort Laramie, wa mwaka 1868, uliliweka eneo lote la South Dakota ya sasa lililo magharibi ya mto Missouri, pamoja na milima ya Black Hills, kuwa mali ya Wasioux. Ngome za njia ya Bozeman ziliachwa, nao Walakota wakazichoma moto. Kifungu cha 12 kilisema kwamba hakuna sehemu ya ardhi hiyo itakayoachiwa bila saini za robo tatu ya wanaume wote watu wazima. Kifungu hicho ndicho msingi wa madai ya Wasioux hadi leo.

Dhahabu ya Black Hills

Amani hiyo ilidumu miaka sita. Mwaka 1873 Marekani ilikumbwa na msukosuko mkubwa wa fedha, mabenki yakafilisika na watu wengi wakakosa kazi. Mwaka uliofuata Luteni Kanali George Custer aliongoza msafara wa watu zaidi ya 1,000 kuingia Black Hills, akiwa na wataalamu wa madini na waandishi wa habari. Habari za kuwapo dhahabu zilienea nchi nzima katika muda mfupi.

Mwanzoni jeshi lilijaribu kuwazuia wachimbaji. Mwaka 1875 serikali ilitaka kuinunua milima hiyo kwa dola milioni 6, nao Walakota wakakataa. Mnamo Novemba Rais Ulysses Grant na washauri wake waliamua kwamba marufuku ibaki katika maandishi lakini wachimbaji wasizuiwe tena. Mwezi uliofuata Walakota wote waliokuwa wakiwinda nje ya eneo lao waliamriwa waripoti kwa mawakala wa serikali kabla ya tarehe 31 Januari 1876. Ilikuwa ni katikati ya kipupwe, theluji imefunga njia, na wengi hawakuipata amri hiyo kwa wakati. Muda ulipopita walitangazwa kuwa maadui.

Tarehe 25 Juni 1876 Custer aliishambulia kambi kubwa ya Walakota na Wacheyenne kando ya mto Little Bighorn. Katika kambi hiyo walikuwemo Sitting Bull, kiongozi wa kiroho wa tawi la Hunkpapa, na Crazy Horse wa Oglala. Custer na zaidi ya askari 260 waliuawa.

Ushindi huo ulikuwa wa mwisho kwa ukubwa wake. Agosti mwaka huo Bunge liliamua kwamba Wasioux hawatapewa tena chakula mpaka waiachie Black Hills. Wajumbe waliotumwa kukusanya saini walipata takriban asilimia 10 tu ya wanaume, badala ya robo tatu zilizotakiwa. Hata hivyo, Februari 1877 Bunge liliyageuza makubaliano hayo kuwa sheria, na milima ikachukuliwa. Crazy Horse alijisalimisha mwezi Mei na kuuawa Septemba akiwa mikononi mwa jeshi. Sitting Bull alikimbilia Kanada, akarejea mwaka 1881 watu wake walipozidiwa na njaa.

Kutoka 1889 hadi Wounded Knee

Mwaka 1889 eneo lililobaki liligawanywa kuwa sehemu sita ndogo, na ekari zipatazo milioni 9 zikafunguliwa kwa walowezi. Muda mfupi baadaye mgao wa nyama ulipunguzwa, wakati ukame ulikuwa umeharibu mazao. Katika dhiki hiyo Walakota wengi waliipokea dini mpya iliyotoka kwa Wovoka, mtu wa kabila la Wapaiute wa Nevada, aliyetabiri kwamba wafu na nyati watarudi ikiwa watu watacheza ngoma ya mizimu. Mawakala wa serikali waliingiwa na hofu, wakaita jeshi.

Tarehe 15 Desemba 1890 Sitting Bull aliuawa na polisi wenyeji waliotumwa kumkamata. Wiki mbili baadaye, tarehe 29 Desemba, kikosi cha saba cha askari wa farasi kilikuwa kikilinyang'anya silaha kundi la chifu Spotted Elk kando ya kijito cha Wounded Knee. Risasi moja ililia, kisha askari wakafyatua bunduki na mizinga. Wenyeji waliouawa hawakupungua 150, na wapo wanaokadiria kwamba walifika 300, wengi wakiwa wanawake na watoto. Askari 25 nao walikufa.

Mgogoro ambao haujafungwa

Baada ya Wounded Knee bunduki zilinyamaza, lakini hoja ya mwaka 1868 haikufa. Wasioux waliipeleka mahakamani kwa miongo kadhaa, na hukumu ya mwaka 1980 ilikubali kwamba milima ilichukuliwa bila malipo ya haki. Mahakama iliweza kuwapa fedha, haikuwarudishia ardhi. Mwaka 2016 mikataba hiyo hiyo ya 1851 na 1868 ilitajwa tena pale Wasioux wa Standing Rock walipopinga bomba la mafuta kupita karibu na chanzo chao cha maji katika mto Missouri. Bomba hilo lilianza kazi mwaka 2017.

Sababu za vita hivyo zilikuwa nyingi: misafara, maradhi, madeni, reli, kuangamizwa kwa nyati, dhahabu, na imani mbili zisizopatana kuhusu ardhi. Zote zilikutana mahali pamoja, yaani kwenye karatasi iliyotiwa saini na pande mbili na kubadilishwa na upande mmoja. Ndiyo maana wajukuu wa waliotia saini mwaka 1868 hawajaenda kuzichukua fedha zao. Kwao, kupokea malipo ni kutia saini kwa mara nyingine, na safari hii kwa hiari.